Nauliza wa Kwangu

Nanenane ya Morogoro ina vumbi lake, ukishalionja hulisahau. Mwaka jana nilikuwa pale viwanja vya Mwalimu Nyerere nimebanana kwenye kundi la watu kama hamsini hivi, watoto wamepandishwa mabegani, wote macho kwa panya buku mmoja. Kavalishwa mkanda wa kamba kifuani, anatembea kwenye boksi la mchanga, pua chini pua juu, mara akasimama akaanza kukwangua. Kijana aliyeshika kamba akabonyeza kidude mkononi, ki!, panya mbio kwake kupokea kipande cha ndizi. Makofi.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja, kofia yake ya kijani imepauka mpaka imekuwa rangi ya majani makavu, mkononi mfuko umejaa vipeperushi vya kila banda alilopita. Akanyoosha mkono.

"Kijana, huyu anayetafuta mabomu Msumbiji nimemwelewa. Sasa huyu wa kwangu anayefukua mbegu za mahindi, yeye mmemfanyaje?"

Kijana akajibu kwa heshima zote, mzee wangu, huyu ni panya buku, yule wa shambani ni mwingine kabisa, hata ukubwa...

"Najua ni mwingine. Nauliza wa kwangu."

Watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka. Mtoto mmoja akauliza kama anang'ata, mwingine akataka kumshika mkia, na swali la mzee likazama hivyo hivyo. Mimi nikaenda zangu kula chipsi kuku, nikapiga picha na trekta, nikarudi nyumbani.

Ila lile swali tukapanda nalo daladala mpaka Msamvu. Wiki ya kwanza nikajua litapita. Wiki ya tatu bado lipo, napiga mswaki lipo, nipo kwenye kikao kazini lipo.

Kwa sababu jibu nilikuwa nalo mimi.

Chini ya pasi mbovu

Miaka tisa nyuma nilisoma masters kwenye chuo kimoja cha umma, sitakitaja maana kosa ninalosimulia hapa ni langu. Na tasnifu yangu yote ilihusu nini? Panya wa shambani, jinsi wakulima wa kijiji kimoja upande wa Kilosa wanavyopambana nao. Nilizunguka na baiskeli ya kuazima wiki tatu nzima, dodoso themanini na kitu, kila moja kurasa sita, nimekaa kwenye vigoda, kwenye mikeka, kwenye mizizi ya miembe, nimepewa maji, nimepewa ndizi za kuchoma, na kuna bibi alinichinjia kabisa kuku, kuku ambaye mpaka leo nikimkumbuka naona aibu. Wote hao niliwasomea ile sentensi ya juu ya fomu, kwamba matokeo ya utafiti huu yatarudishwa kwa jamii.

Sikurudisha.

Nilidifendi, nikapewa marekebisho, nikayafanya, nikachapisha nakala za jalada gumu, moja maktaba, moja kwa supavaiza, moja ipo kabatini kwangu chini ya pasi mbovu. Nikaajiriwa kwenye kazi isiyohusiana na panya hata kidogo, labda wale wa stoo.

Sasa pale Nanenane mzee anauliza kitu nilichokiandikia kurasa mia na ushee, mimi nipo nusu mita toka kwake, nimenyamaza. Nimejiuliza sana kwa nini. Aibu ya watu sina, mi ni mwongeaji hata misibani naombwa nitoe shukrani. Ukweli ni kwamba nililitafuta jibu kichwani likaja kwa Kiingereza. Likaja na mabano yake, majina ya waandishi na miaka. Nikajaribu kuligeuza liwe maneno ya kumwambia mtu aliyesimama juani na mfuko mkononi, sekunde zikaisha, mtoto akauliza kuhusu mkia.

Shahada ya kwanza nimesoma kwa mkopo wa bodi, na mpaka leo mshahara unakatwa. Yaani fedha ya umma imenisomesha, nikaenda kujifunza shamba la huyu mzee, na lugha ya huyu mzee ndiyo pekee ambayo sikuifanyia mazoezi.

Mitego 300

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba huyo panya wa mzee alishachunguzwa hapo hapo Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, tangu kabla mimi sijazaliwa.

Kitaalamu anaitwa Mastomys natalensis, sisi kwetu ni panya shamba yamekwisha. Mdogo tu, ukimwona huwezi kumwogopa. Lakini jike lake linaweza kuwa na chuchu ishirini na zaidi, na uzao mmoja ni wastani wa watoto kumi na mmoja hivi, hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

Kwa ambao hamjawahi kulima: mkulima anapanda kwa kamba, mstari umenyooka, shimo, mbegu mbili, fukia, hatua, shimo. Panya anakuja usiku anafuata kamba ile ile, shimo kwa shimo, kama kaajiriwa. Asubuhi unakuta vishimo vimefukuliwa na vipande vya maganda pembeni. Unarudishia mbegu. Anarudi. Unarudishia tena na sasa mbegu ni ya kukopa, na mvua nayo inahesabu siku zake. Makadirio yanayonukuliwa sana yanasema panya wanakula asilimia 5 mpaka 15 ya mahindi ya nchi hii kwa mwaka, ila asilimia ni ya nchi, haimwambii kitu yule ambaye shamba lake limekwenda lote.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Morogoro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walikuwa wanamfuatilia. Na mwaka 1994 wakaanza kitu ambacho mi nilipokisoma mara ya kwanza nilikiruka, nikaona haya ni maelezo ya mbinu tu: eneo la hekta 3, mitego 300, kila mwezi, usiku tatu mfululizo.

Kila mwezi. Kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kazi ya namna hiyo niliwahi kuiona kwa macho asubuhi moja, nilifuatana na jamaa aliyekuwa anategea mradi mwingine. Mtego wenyewe ni kiboksi cha bati jepesi kinachokunjika, chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi, kitonge kama cha kumlisha mtoto. Unatega jioni, alfajiri unapita mstari kwa mstari, umande unakulowesha suruali mpaka magotini. Mlango umejifunga? Unaingiza mdomo wa kiboksi kwenye mfuko wa kitambaa, unatikisa, panya anadondokea ndani. Anapimwa uzito, dume au jike, ana mimba au hana, ana alama au ni mgeni, anaandikwa, anaachiwa palepale alipokamatwa. Jamaa anataja namba kwa sauti, mwenzake anaandika kwenye daftari, hamna haraka, kama watu wanaohesabu hela ya mtu mwingine.

Nikamuuliza, hivi haichoshi?

"Inachosha," akasema. "Ila ukiruka mwezi mmoja umeharibu ya nyuma yote."

Sasa nani atalipa mtu ahesabu panya miaka ishirini? Kampuni ya sumu haiwezi, yenyewe inataka kuuza msimu huu. Mradi wa wafadhili una miaka mitatu na ripoti. Mkulima hana nafasi hiyo. Nimegeuza hili swali upande huu na ule na kila nikifika mwisho nakuta hamna mwingine wa kubeba uchoshi wa namna hiyo zaidi ya chuo cha umma, na wenzie wa vyuo vya nje wanaoshika upande wa pili.

Na uchoshi wa namna hiyo ulitoa kitu. Panya shamba hazai ovyo, anazaa kwa kufuata mvua, majani yakichipua na mbegu changa zikipatikana. Vuli ikiwa ndogo anasubiri masika. Vuli ikishuka vizuri na mapema, Novemba, Desemba, anaanza kuzaa kabla ya wakati wake wa kawaida, wale watoto nao wanawahi kukua, wanawahi kuzaa, na hapo ndipo unasikia wilaya fulani imevamiwa. Mwaka 1996 Herwig Leirs na wenzake wakaandika kwamba mlipuko wa panya unaweza kutabiriwa kwa kuangalia mvua, na 1997 data za Morogoro zikatoka kwenye jarida la Nature, ambalo kwa mwanasayansi ni kama kucheza Kombe la Dunia.

Kwa hiyo mvua inayomfurahisha mkulima ndiyo inayomkaribisha mgeni wake. Vuli ikiwa kubwa usisubiri kuona mashimo.

Umeona? Sentensi moja. Ningeweza kumwambia yule mzee. 1996 mi nilikuwa shule ya msingi nafundishwa kuchora ramani ya Afrika.

Daraja lilikuwepo

Hapa ndipo nilipogundua kitu kilichonifanya niweke simu chini nikatoka nje kidogo.

Kuna Mbelgiji anaitwa Bart Weetjens, alipenda kufuga panya tangu mdogo, miaka ya 1990 akawa anaumiza kichwa kuhusu mabomu ya ardhini. Akapata wazo kwamba panya wanaweza kuyanusa. Akaenda kwa Ron Verhagen, mtaalamu wa panya wa Antwerp, akashauriwa amchukue panya buku wa Afrika, anaishi miaka mingi, pua yake balaa, na uzito wake mdogo, haulipui bomu. APOPO, shirika la kuwafundisha hao panya, ikaanzishwa 1997, na mwaka 2000 ikahamishia kambi Morogoro, ndani ya SUA.

Antwerp. Morogoro. Nyumba mbili zile zile zilizokuwa zinahesabu panya shamba.

Sijaona mahali mtu kaandika kwa maneno haya, hii ni tafsiri yangu: daraja la Antwerp na Morogoro lilikuwa limeshajengwa, na aliyelijenga ni panya wa mzee. Kwa sababu ya yule mharibifu palikuwa na watu wanaojua kuwashika panya, kuwalisha, kuwapa namba, kukaa nao miaka bila kuchoka. Panya buku akapita juu ya daraja hilo akaenda zake kutafuta mabomu.

Yaliyofuata mnayajua, sitayarudia yote. Msumbiji ilitangazwa haina tena maeneo yenye mabomu ya ardhini mwaka 2015, na panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliofanya ile kazi. Magawa, mzaliwa wa Morogoro 2013, akapelekwa Kambodia 2016, na mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama, likampa medali ya dhahabu, panya wa kwanza katika historia yao kupewa. Akastaafu, akafa Januari 2022. 2025 mwingine anaitwa Ronin, naye mtoto wa hapa hapa, akaingia kwenye rekodi za dunia, mabomu ya ardhini 109. Na wapo wengine ambao hata hawasafiri, wamebaki nchini wananusa makohozi, sampuli ambazo maabara imeshasema hazina kifua kikuu. Panya anapita juu ya vitundu, akiganda kwenye kimoja wanakipima upya, na kuna watu wametafutwa majumbani wakaambiwa njoo uanze dawa kwa sababu ya ile pua. Sampuli 100 anazimaliza kwa kama dakika 20.

Mi napenda hii habari. Naisimulia kwa wageni, naisimulia kwenye foleni ya benki. Lakini sasa nikiisimulia namwona mzee na kofia yake.

Panya mmoja kapata medali. Mwenzake aliyetangulia kuingia chuoni bado anafukua.

Fomu haina kisanduku hicho

Nikampigia rafiki yangu mhadhiri, chuo kingine, tulisoma wote. Nikaanza kwa hasira, nikamwambia nyie watu mnaandika kwa Kiingereza, mnasomana wenyewe kwa wenyewe, mnapandishana vyeo, mkulima anabaki palepale. Akanisikiliza mpaka mwisho, ana tabia hiyo, halafu akaniuliza, "Na wewe tasnifu yako iko wapi?"

Kimya.

Akanihurumia akaendelea mwenyewe. Akasema cheo chake kinahesabiwa kwa machapisho, jarida gani, limenukuliwa mara ngapi. Serikali nayo ikaweka tuzo za fedha kwa wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, jambo jema, hata yeye anaitaka hiyo hela. "Ila nikikaa wiki nzima kijijini naelezana na watu, hiyo wiki haipo. Fomu haina kisanduku hicho."

Nikadhani nimeshinda. Nikamwambia si ndiyo ninachosema.

"Subiri. Unataka mtafiti awe bwana shamba. Sasa bwana shamba awe nani?"

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la uhakika. Bwana shamba ninayemfahamu mimi ana vijiji vitatu na pikipiki moja ambayo wiki mbili ipo kwa fundi. Huyo ndiye tunamtegemea asome makala ya Nature, aangalie mvua ya Novemba, azunguke vijiji vitatu kusema jamani mwaka huu tujiandae. Na mtafiti naye akisema hiyo siyo kazi yangu hakosei kabisa. Kila mmoja anaishia mpakani kwake, na katikati pamebaki kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Mzee wa Nanenane anaishi hapo.

Halafu kuna ugumu mwingine ambao nilipokuwa mwanafunzi niliuandika bila kuuelewa. Jibu la panya shamba halifungwi kwenye pakiti. Ukitega sumu shambani kwako peke yako, umesafisha chumba tu, panya wa jirani wanahamia. Kule Morogoro watafiti walijaribu hata ndege, wakasimika nguzo na kuweka viota vya mbao ili wawindaji wa angani wavutike, sehemu nyingine wakafunika kwa nyavu ili wasiingie kabisa walinganishe, na kwenye hesabu zao yule panya mhamiaji akawa anajitokeza tena na tena. Kazi ya namna hii haipigiwi makofi Nanenane, ila imemwokoa mtu na gharama ya kusimika nguzo akidhani kamaliza.

Kinachofaa ni kijiji kizima kwa wakati mmoja. Kufyeka mapori yaliyo katikati ya mashamba, kutega kabla ya kupanda, kupanda wiki moja. Sasa hiyo ni teknolojia? Hiyo ni mkutano wa kijiji. Na mliowahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji mnajua, kupata watu mia mbili wakubaliane kufyeka wiki moja ni kazi ngumu kuliko kumfundisha panya kunusa baruti.

Maharage hayana shida hiyo

Niweke na hili ili nisionekane nalalamika tu. SUA hao hao walitoa aina za maharage, Rojo mwaka 1997, Pesa na Mshindi 2006. Nilikwenda sokoni nikakuta mama anauza Rojo, mekundu yamekolea, nikamuuliza yametoka wapi.

"Mgeta."

"Mbegu yake, mama, ilitoka wapi?"

Akaniangalia kama nimetoka mwezini. "Mbegu ni yetu siku zote. Unachukua kilo ngapi?"

Nikachukua mbili. Mbegu inatembea yenyewe, inapita mfukoni kwa shangazi, inavuka mto, inasahau ilikotoka mpaka inakuwa ya kwetu siku zote. Aliyeizalisha hatajwi na maharage yanalika. Maarifa ya panya hayawezi kupimwa kwenye mizani, yasipokuwa na mdomo wa kuyasema yanakaa kabatini, kama ninavyowajulisha kuhusu kabati langu.

Kurasa mbili

Nikaitoa tasnifu chini ya pasi. Nikaamua naiandika upya, kurasa mbili, Kiswahili, herufi kubwa.

Siku kumi na moja. Sitanii. Kudifendi kulikuwa kwepesi. Nilikuwa naandika sentensi namsomea mama, akisema "sasa hapo unamaanisha nini" naifuta. Kuna sehemu niliandika "msongamano wa idadi ya panya kwa eneo", mama akasema sema panya wakijaa. Nikaandika panya wakijaa. Kuna aya nzima za tasnifu zilipogeuzwa Kiswahili zikabaki hazina kitu ndani, na hilo nalo lilinikosesha usingizi kivyake.

Jumamosi moja nikapanda basi, nikashuka, nikachukua bodaboda. Mwenyekiti niliyemkuta siye yule wa zamani. Yule bibi wa kuku alishatangulia, Mungu amrehemu, nikamkuta binti yake, naye hanikumbuki. Nikasema mimi ni yule kijana wa dodoso, wa baiskeli. Akafikiri kidogo, akasema, "Walikuja wengi."

Tukapata watu kama ishirini chini ya mwembe. Nikatoa shikamoo, nikaomba radhi kwa kuchelewa miaka tisa, wakacheka, wakadhani natania. Nikaanza kusoma. Mvua ya vuli, kuzaa mapema, wakatikisa vichwa, mzee mmoja akasema mbona hilo tunalijua, mvua nyingi panya wengi, ila hatukujua kwamba ni ile ya Novemba. Nikafurahi. Kufyeka pamoja, wakaangaliana, kuna shamba la mtu wa mjini hapo katikati ni pori tupu na kila mtu akaligeukia bila kulitaja.

Nikafika kwenye jedwali langu ninalolipenda. Kwamba wakulima wengi katika kijiji hiki wanategemea sumu kama njia kuu. Ndilo lililobeba tasnifu nzima, sura ya nne imejengwa juu yake, na mapendekezo yote.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kucheka. Akamgusa mwenzake, naye akacheka.

"Samahani mwanangu. Hapo kwenye sumu."

"Ndiyo mama."

"Wewe ulikuja na makaratasi, unaandika majina. Na sisi waliokuja kugawa sumu ya bure mwaka ule mwingine nao walianza na kuandika majina. Sasa mtu akuambie hatumii sumu, si utamkata kwenye orodha?"

Mwembe mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, maana ningefanya nini, ila tumboni kulikuwa kumeporomoka kitu. Nikauliza, kwa hiyo kweli kweli mlikuwa mnatumia nini?

"Ndoo."

Ndoo gani?

Akamtuma mtoto mkubwa nyumbani. Ikaletwa ndoo ya plastiki iliyopasuka mdomo, waya umepita juu toka upande huu mpaka ule, na kwenye waya kuna gunzi la hindi limetobolewa katikati linazunguka. Unaifukia mpaka shingoni, unatia maji nusu, gunzi unalipaka karanga zilizotwangwa. Panya anakanyaga, gunzi linabingirika, chubwi. Karanga zilizotwangwa, chambo kile kile cha mitego 300. Usiku mmoja, akasema, akipanga nne pembeni ya shamba, asubuhi anamwaga kama anayemwaga makapi.

Dodoso langu lilikuwa na kisanduku cha sumu, cha paka, cha mitego ya dukani, na cha mwisho "nyingine, taja". Nakumbuka nilikuwa nakipita haraka, jua linazama na bado nyumba tatu.

Nikageuza zile kurasa mbili upande wa nyuma, mweupe, nikaomba kalamu kwa mwenyekiti. Nikamwambia yule mama anieleze tena polepole, gunzi linatobolewa na nini, maji kiasi gani, ndoo nne zinakaa umbali gani. Wengine wakaanza kumsahihisha, siyo nne, wewe shamba lako dogo, mimi naweka saba.

"Na hiyo ya paka uliyosoma," akasema mzee mmoja kule nyuma, anavuta kigoda chake karibu, "andika kwanza hiyo ya ndoo. Ukimaliza, tuna maneno."